Jumamosi Sita Mbele ya Swali la Mateso: Tathmini ya Darasa la Wazi

Kwa wiki sita mfululizo, kila Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba mchana, nilihudhuria darasa la wazi juu ya Mungu, uovu na mateso katika ukumbi mdogo wa ghorofa ya pili jijini Dar es Salaam. Ada ilikuwa shilingi 60,000 kwa darasa zima, pamoja na kitini cha kurasa 96 na chai ya mapumziko. Tulikuwa watu 22: walimu wa shule, makatekista wawili, ustadhi wa madrasa, wauguzi, wanafunzi wa chuo, na wachache wetu ambao hatukufuata elimu hasa, bali tulikuja kwa sababu lipo jambo lililotupata na halijatuachia. Waandaaji sitawataja kwa jina, kwa kuwa nina shukrani kwao na nina lawama pia, na nia yangu ni kumsaidia msomaji ajue darasa la namna hii linampa nini mtu, na ni nini anachopaswa kudai kabla ya kulipa.

Mimi nilikwenda kwa sababu ya ukuta. Desemba 2011, mvua zilipofurika Bonde la Msimbazi, tulikuwa tumepanga chumba na sebule Kigogo, na usiku mmoja ukuta wa upande wa mto ulimwangukia binti yetu aliyekuwa na umri wa miaka sita. Siku za msiba, turubai likiwa limefungwa kwa jirani aliyekaa juu kidogo ya bonde, watu wengi waliniambia, kila mmoja kwa huruma ya kweli, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Nimeishi na maneno hayo tangu siku hiyo. Sikuyakataa, kwa kuwa nilikuwa mtu wa kanisa na bado ni mtu wa kanisa, lakini sikuweza kuyatamka kwa kinywa changu mwenyewe, na nilitaka kujua kama wako watu, wa dini au wasio wa dini, waliokwisha kuyakagua kwa uangalifu kabla yangu.

Wako, tena wengi, na wamelifanya jambo hilo kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Jumamosi ya kwanza mwalimu wetu, mhadhiri mstaafu wa falsafa ambaye huzungumza polepole na kuandika ubaoni kwa herufi kubwa, aliandika sentensi tatu tu: Mungu anaweza yote, Mungu ni mwema kabisa, uovu upo. Kisha akatuomba tumwonyeshe ni wapi hasa zinapopingana. Kwa karibu saa nzima hatukuweza, maana kila tulipodhani tumeuona upinzani tulikuwa tumeingiza kimyakimya sentensi ya nne ambayo haikuwa ubaoni, kwamba aliye mwema huondoa kila baya aliwezalo kuliondoa. Baada ya hapo ndipo alipotueleza kwamba swali hili, katika umbo lake fupi la kuuliza kama Mungu anataka kuzuia uovu ila hawezi, au anaweza ila hataki, huhusishwa na Epicurus wa Ugiriki. Kwamba limehifadhiwa na Lactantius, mwandishi Mkristo aliyelinukuu mwanzoni mwa karne ya nne ili alijibu. Kwamba David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, aliliibua upya katika kitabu kilichochapwa mwaka 1779, miaka mitatu baada ya kifo chake. Na kwamba mwaka 1955 mwanafalsafa J. L. Mackie aliiweka wazi ile sentensi ya nne na kudai kwamba, ikishaongezwa, muumini hawezi kuzishika zote pamoja. Ninausifu utaratibu huo, kwa sababu mwalimu angeweza kuanza na majina na tarehe, nasi tungeandika tu. Badala yake alituacha tuhangaike na swali mpaka tulipoanza kuwahitaji hao wenye majina.

Siku hiyo hiyo alizungumzia neno lenyewe, na hapo nilijifunza jambo ambalo sijaliona likielezwa kwingine. Tunaposema "tatizo la uovu" kwa Kiswahili tunajifungia mlango, kwa kuwa uovu kwetu ni sifa ya moyo na matendo: mtu ni mwovu, nia ni ovu, lakini hakuna anayesema homa ni ovu au mafuriko ni maovu. Hayo tunayaita maafa, balaa, janga, msiba. Kwa hiyo msikilizaji wa Kiswahili akisikia kwamba wanafalsafa wanajadili uovu, hudhani wanajadili wezi na wauaji, na nusu ya swali inampita. Ustadhi aliyekuwa nasi alipendekeza neno shari, kwa kuwa Waislamu hukiri kuamini kadari, kheri yake na shari yake, na humo mna homa, mafuriko na dhuluma pia. Mwalimu alilikubali na kulitumia hadi mwisho wa darasa, nami nitalitumia humu.

Jumamosi ya pili nitaipita haraka, si kwa sababu ilikuwa mbaya bali kwa sababu ilikuwa ya kawaida. Tulisoma juu ya Augustino, mzaliwa wa Thagaste katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliyekaa kama miaka tisa miongoni mwa Wamani walioamini kwamba nuru na giza ni nguvu mbili zinazopigana, kisha akawaacha na kufundisha kwamba shari si kitu chenye uwepo wake chenyewe, bali ni upungufu wa wema katika kitu kilichoumbwa kikiwa chema. Mwalimu alitumia mfano wa tundu katika kanga: halina uzi wake, lakini nguo imeharibika. Ni mfano mzuri, na bado nilitoka nikifikiri kwamba maumivu hayafanani na tundu, kwa kuwa anayeumwa haoni upungufu wa kitu fulani, anaona kitu kilichojaa na kumzidi. Kisha tukaingia katika utetezi wa hiari kama ulivyojengwa na mwanafalsafa Alvin Plantinga mwaka 1974, kwamba huenda hata Mungu mwenye uwezo wote hawezi kuumba viumbe walio huru kweli huku akihakikisha kwamba hawatatenda baya kamwe. Hoja hii inamjibu Mackie kwa mantiki, na wanafalsafa wengi, hata wasioamini, wanakiri hivyo. Mimi ilinisaidia kidogo tu, kwa kuwa mvua haina hiari.

Jumamosi ya tatu alialikwa sheikh mmoja, na kama waandaaji wangeuza siku hiyo peke yake ningeilipia nusu ya ada yote. Alitufundisha mgogoro wa makundi mawili ya kale ya wanazuoni wa Kiislamu, kati ya Muutazila, waliosema kwamba Mungu ni mwadilifu kwa maana ile ile tunayoijua sisi na kwamba ni wajibu kwake kuwatendea waja wake lililo bora, na Waashari, waliosema kwamba hakuna wajibu unaoweza kuwekwa juu ya Mwenyezi Mungu na mtu yeyote wala kanuni yoyote. Alikieleza kisa kinachosimuliwa juu ya Abul-Hasan al-Ash'ari na mwalimu wake al-Jubba'i, nacho ni cha ndugu watatu: mmoja alikufa akiwa mtu mzima mwema, mmoja akiwa mtu mzima mwovu, na wa tatu akiwa mtoto. Mtoto anauliza kwa nini hakuachwa aishi ili naye apate daraja ya kaka yake mwema, naye anajibiwa kwamba Mungu alijua angekua na kuasi, hivyo kufa mapema kulikuwa bora kwake. Hapo yule mwovu analia kutoka motoni: basi kwa nini mimi sikufishwa utotoni? Husimuliwa kwamba al-Jubba'i alinyamaza, na al-Ash'ari akaachana na Muutazila.

Ukumbi nao ulinyamaza. Niliwahi kuambiwa katika msiba wetu kwamba huenda Mungu alimwepusha binti yangu na mabaya ya mbele, na sikuwa nimewahi kuona jinsi faraja hiyo inavyovunjika mara tu unapomtazama mtoto mwingine ambaye hakuepushwa. Sheikh hakuishia hapo, maana alitahadharisha kwamba jibu la Waashari nalo lina gharama yake: ukisema kwamba jema ni jema kwa sababu Mungu amelitenda, basi kumwita Mungu mwema kunakuwa kama kusema tu kwamba anatenda atendayo. Alimalizia na mwanazuoni Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, na kauli yake kwamba katika yanayowezekana hakuna lililo zuri kuliko lililokuwako, kauli ambayo maulamaa waliibishania kwa karne nyingi, wengine wakiitetea na wengine wakiiona kuwa inaupunguza uwezo wa Mungu. Nilipenda namna alivyozungumza juu ya mabishano hayo bila aibu wala woga, kama mtu anayeonyesha mali ya urithi wa nyumba yake.

Sasa nifike Jumamosi ya nne, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Somo lilikuwa tetemeko la Lisbon. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, mji mkuu wa Ureno ulitikiswa makanisa yakiwa yamejaa waumini. Mishumaa iliyoanguka ilichangia kuwasha moto, maji ya bahari yalirudi nyuma kisha yakaja kwa mawimbi makubwa yaliyofagia kingo za mto Tagus, na moto ukaendelea kuwaka kwa siku kadhaa. Walikufa maelfu kwa maelfu, wengi wao wakiwa katika ibada. Miaka 45 kabla ya hapo, mwaka 1710, mwanafalsafa Mjerumani Leibniz alikuwa amechapisha kitabu kilicholeta neno theodisia, yaani kuitetea haki ya Mungu mbele ya shari, akisema kwamba Mungu mwenye hekima yote hawezi kuwa amechagua ulimwengu wowote isipokuwa ule ulio bora kuliko yote iliyowezekana. Baada ya Lisbon, Voltaire, mwandishi wa Ufaransa, aliandika shairi la uchungu akiuliza ni kosa gani walilotenda watoto waliopondwa vifuani mwa mama zao, na kama kweli mji huo ulikuwa na dhambi kupita London na Paris. Padri Mjesuiti, Gabriel Malagrida, yeye alihubiri kwamba ilikuwa adhabu ya Mungu na kwamba toba ndiyo kazi iliyobaki.

Halafu mwalimu akasoma sehemu ya barua ambayo mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau alimwandikia Voltaire mwezi Agosti 1756. Rousseau anamwambia kwamba si maumbile yaliyokusanya pale nyumba 20,000 za ghorofa sita na saba, na kwamba kama wakazi wa mji ule wangetawanyika zaidi na kukaa katika nyumba nyepesi, hasara ingekuwa ndogo sana, pengine isiwepo kabisa. Anaongeza kwamba wako waliokufa kwa sababu walirudi ndani kuchukua nguo zao, karatasi zao, fedha zao. Niliyaandika hayo kwenye daftari langu na sikuandika jambo lingine hadi mapumziko.

Ukuta wa chumba chetu ulikuwa wa tofali za mchanga mwingi na saruji kidogo. Miezi michache kabla ya mvua niliwahi kuukwangua kwa ukucha, karibu na pale kitanda cha mtoto kilipoegemea, ukapukutika unga mweupe ukaangukia shuka. Nilipangusa shuka. Mwenye nyumba alijua hali ya ukuta ule, nami nilijua, na wote wawili tulijua kwamba mto ulikuwa hatua thelathini kutoka mlangoni. Maneno kwamba kazi ya Mungu haina makosa yalitusitiri sote wawili kwa miaka hiyo yote. Yalimfanya yeye asiulizwe, na yalinifanya mimi nimuulize Mungu jambo ambalo sehemu yake nilipaswa kuwauliza wanadamu, nikianza na mwenyewe.

Mwalimu, kwa busara, hakutuachia jibu la Rousseau kama neno la mwisho. Alisema kwamba jibu hilo likigeuzwa dhidi ya maskini linakuwa ukatili, kwa kuwa mtu hajengi wala hapangi bondeni kwa kupenda, bali kwa sababu ndipo kodi inapolingana na mfuko wake. Na kwamba hata tukiondoa kila ukuta mbovu duniani, bado tutauliza kwa nini ardhi itikisike. Katika majadiliano watu walileta mambo yetu wenyewe: tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, maporomoko ya tope ya Katesh wilayani Hanang mwezi Desemba 2023 yaliyoua zaidi ya watu 80, na meli, hasa meli. MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua zaidi ya watu 800, ilikuwa imejaza kupita kiasi. MV Spice Islander, iliyozama kati ya Unguja na Pemba Septemba 2011, miezi mitatu tu kabla ya mafuriko yetu, nayo ilikuwa imejaza kupita kiasi. Muuguzi mmoja alisema kwamba katika misiba yote miwili alisikia neno kudura kabla ya kusikia neno abiria wangapi. Mwalimu akajibu kwa kutueleza kwamba serikali ya Ureno, chini ya waziri aliyekuja kuitwa Marquis wa Pombal, ilituma maswali katika parokia zote: tetemeko lilidumu muda gani, wamekufa wangapi, bahari ilianza kupanda au kushuka, na kwamba nyumba mpya za Lisbon zilijengwa kwa fremu za mbao ndani ya kuta ili zistahimili mtikisiko. Hii nayo, alisema, ni namna moja ya kulijibu swali la shari, na imo katika historia ya fikra sawa na mashairi na vitabu.

Katika Jumamosi ya tano darasa lilipata mtihani wake mkubwa. Tulikuwa tunasoma jibu linalorudishwa hadi kwa Irenaeus wa Lyon, wa karne ya pili, na ambalo mwanafalsafa wa dini John Hick alilijenga upya mwaka 1966: kwamba binadamu hakuumbwa akiwa amekamilika, na dunia yenye shida ndiyo mahali panapofaa roho kukua, kwa kuwa ushujaa, huruma na uvumilivu haviwezi kuota pasipo na hatari na hasara. Tukasoma pia pingamizi la mwanafalsafa William Rowe la mwaka 1979, la mtoto wa paa aliyeungua katika moto wa msituni na kulala siku kadhaa akiteseka mpaka kufa bila mtu yeyote kujua, ambaye mateso yake hayamfunzi yeyote lolote. Hapo mama mmoja aliyekuwa akikaa mstari wa nyuma, na ambaye kwa wiki nne hakuwa amesema neno, alisimama na kuuliza: "Mwalimu, mwanangu alikuwa somo la nani?"

Mwalimu aliweka chaki chini. Hakukimbilia kujibu, na katika ukimya ule tulisikia feni ikizunguka na muuza maji akipita barabarani. Kisha akasema, "Sijui, mama. Nadharia hii haijui, na anayekwambia kwamba inajua usimkubalie." Akamwomba radhi kwa kuwa alilifundisha somo lile kana kwamba hakuna aliyekuwamo ndani yake. Nimehudhuria semina nyingi za kazini na za kanisani, na si mara nyingi nimeona mwezeshaji akikubali mbele ya watu kwamba hoja aliyoiandaa imefika mwisho wake. Hick mwenyewe alikiri kwamba yako mateso yanayopita kiasi cha kumfunza mtu, na alilazimika kuitegemea ahera ili hesabu yake ikamilike. Lakini hilo mwalimu alilisema baadaye, kwa sauti ya chini, baada ya yule mama kukaa na jirani yake kumshika mkono.

Jumamosi ya sita ilikuwa ya Ayubu, na kwangu ndiyo iliyolilipa deni la zile zilizotangulia. Maneno tunayoyasema makaburini, kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa, yamo katika sura ya kwanza ya kitabu chenye sura 42. Nilikuwa nimeyasikia maisha yangu yote kana kwamba ndiyo hitimisho. Baada yake Ayubu analaani siku aliyozaliwa, anadai ashtakiwe wazi ili ajitetee, anamwambia Mungu kwamba amemfanya kuwa adui. Na marafiki zake, waliofanya vema walipokaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno, wanaharibu yote wanapofungua vinywa na kumfafanulia kwamba Mungu hatesi bure. Kisha katika sura ya mwisho Mungu anawakasirikia wale wafafanuzi, watetezi wake, na kusema kwamba aliyenena yaliyo sawa ni Ayubu. Mwalimu aliirudia aya hiyo mara tatu. Mfariji mwenye majibu anakemewa, na mlalamikaji anakubaliwa, ingawa hata yeye hapewi sababu. Anachopewa katika tufani ni maswali mengine, juu ya misingi ya nchi na maghala ya theluji na punda-mwitu, ambayo unaweza kuyasoma kama kunyamazishwa au kama kuonyeshwa jinsi dunia ilivyo pana kuliko kisa chake. Mimi bado nasita kati ya usomaji huo na huu.

Katika majadiliano ustadhi alitoa mchango ambao ungestahili saa nzima. Katika Biblia, mwishoni, mifugo ya Ayubu inarudishwa maradufu, lakini watoto ni wana saba na mabinti watatu, idadi ile ile ya mwanzo, nao ni watoto wengine, waliokufa wamekufa. Katika Kurani, sura ya Sad, Mwenyezi Mungu anasema kwamba alimpa Ayubu ahali zake na wengine kama hao pamoja nao, na baadhi ya wafasiri wanaeleza kwamba wale waliokufa walifufuliwa. Mzazi aliyezika anaisikia tofauti hiyo mwilini. Nilijikuta nikiutamani usomaji wa ustadhi, huku nikiheshimu ukali wa kitabu changu mwenyewe, kisichosema kwamba mtoto hubadilishwa na mtoto.

Na hapa ndipo lawama zangu zinapoanzia. Darasa linalofundisha juu ya Ayubu kwa Kiswahili limewezaje kupita bila kuutaja utenzi wa Ayubu, utungo wa kale wa pwani ambao Alice Werner aliuchapisha mwanzoni mwa miaka ya 1920 na ambao unakibeba kisa hiki kwa mizani ya lugha yetu? Mke wa Ayubu naye alipewa dakika tano. Tuliambiwa tu kwamba alimshauri mumewe amkufuru Mungu afe, na hakuna aliyekumbusha kwamba watoto kumi waliokufa walikuwa wake pia, wala kwamba katika masimulizi ya Kiislamu mke huyo, Rahma, ndiye aliyebaki kumuuguza na hata kuuza nywele zake ili wapate chakula.

Kosa kubwa zaidi ni kwamba fikra za Kiafrika zilisukumwa hadi nusu saa ya mwisho, watu wakiwa wameanza kufunga mikoba. Katika nusu saa hiyo tulisikia kidogo juu ya John Mbiti wa Kenya, aliyeonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1969 jinsi jamii nyingi za Kiafrika zinavyokataa kusema kwamba Mungu ndiye aliyeumba shari, na jinsi zinavyoitafuta katika mahusiano ya watu yaliyovunjika. Na kidogo zaidi juu ya Waazande wa Kongo na Sudan Kusini, ambao mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard aliandika habari zao mwaka 1937. Ghala la nafaka linaanguka na kuua watu waliokaa kivulini mwake. Mzande anajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo, lakini anauliza swali jingine: kwa nini lianguke saa ile ile walipokuwa wamekaa watu hawa na si wengine? Hilo ndilo swali la kila msiba niliowahi kuhudhuria. Jibu la uchawi limeua vikongwe wasio na hatia katika nchi hii, na lilipaswa kujadiliwa kwa ukali unaostahili. Lakini swali lenyewe ni la kina kama lolote la Leibniz, na kulipa dakika chache baada ya wiki tano za Ulaya na Uarabuni ni kutuambia, bila kukusudia, kwamba babu zetu waliteseka bila kufikiri.

Mengine ni ya uendeshaji. Karibu theluthi ya kitini ni nakala za Kiingereza zisizotafsiriwa, nyingine zikiwa zimekatwa pembeni na mashine ya fotokopi, jambo ambalo liliwaweka nje watu wawili waliokuja kwa ajili ya kujifunza kwa Kiswahili kama tangazo lilivyoahidi. Jumamosi ya tano tulichelewa kuanza kwa dakika 50 kwa kuwa ukumbi ulikuwa umekodishwa kwa watu wengine waliokuwa bado wanapamba viti. Ngazi za kupandia ni nyembamba na hazina pa kushika, na mzee mmoja aliacha kuja baada ya wiki ya pili. Stakabadhi ya malipo niliipata wiki ya nne baada ya kuidai mara tatu. Chai ilikuwa nzuri na maandazi yalikuwa ya moto kila mara.

Je, inafaa kulipa shilingi 60,000? Kwa mwalimu wa dini, katekista, ustadhi, muuguzi, au kiongozi yeyote ambaye huitwa kusema neno kwenye misiba, ndiyo, bila kusita, na ningependa makanisa na misikiti iwalipie watu wake. Kwa aliyefiwa ndani ya mwaka huu ningesema asubiri. Hoja za Jumamosi ya pili na ya tano zinaweza kumuumiza, na waandaaji wanapaswa kumweleza hivyo anapojiandikisha, kwa kuwa yule mama wa mstari wa nyuma hakuelezwa.

Awamu nyingine imetangazwa baada ya mfungo, na mwalimu ameahidi kwamba Waazande watapewa siku nzima. Nimemlipia mke wangu. Amekisoma kitini chote jikoni, usiku, na kuandika pembeni kwa penseli. Amesema atakwenda Jumamosi ya nne na ya sita tu, na kwamba wakifika kwa mke wa Ayubu wasipompa nafasi ya kuzungumza, atasimama mwenyewe.